Shimo Lililozibwa kwa Kalamu

Kwa mujibu wa karatasi, shimo lililomuua Nyange Khatib halikuwapo.

Saa nne ya asubuhi, siku ya Alhamisi, Inspekta Mwatum alisimama ukingoni mwake, jalada la kesi kwapani, akalitazama vizuri asije akalisingizia. Lilikuwapo. Upana wake ulitosha kitanda cha watu wawili, kina chake kingemfika magotini, na tope lililobaki chini lilikuwa limeanza kupasuka kwa jua. Kama hili ndilo lililozibwa, yale yasiyozibwa Mungu anayajua.

Hati iliyokuwa ndani ya jalada ilisema kwamba shimo la mteremko wa Kwakombo limejazwa kifusi na kokoto, likamwagiwa lami ya moto, likashindiliwa, likakaguliwa na kukubaliwa. Chini palikuwa na saini ya mkaguzi wa barabara, Nyange Khatib, na tarehe ya Jumatatu. Jumanne alfajiri watu waliokuwa wakienda kusali walimkuta mkaguzi huyo huyo amekufa ndani ya shimo hilo hilo, pikipiki yake ya honda imemlalia. Ripoti ya kwanza ilikuwa na mistari minne: usiku, saa tano hivi, mwendo wa kasi, alikuwa peke yake.

"Mtu kafa ndani ya saini yake," Koplo Jaribu alikuwa amemwambia asubuhi walipotoka Chake Chake. Hakucheka alipoyasema. Sasa Jaribu alikuwa nyuma huko, mwendo wa nusu saa kwa miguu, amelala chini ya gari la polisi akiitazama springi iliyovunjika kwenye shimo jingine ambalo nalo, bila shaka, lina hati yake. Mwatum alikuja peke yake. Simu yake ilikuwa imepoteza mtandao tangu alipoanza kuteremka bondeni.

Alilijua vizuri jambo moja. Barabara kama hii hutengenezwa kwa fedha zinazokatwa kwenye kila lita ya petroli. Anayetia lita moja kwenye honda yake amekwishachangia kuziba shimo atakaloanguka kesho. Lakini mkandarasi hapewi chake mpaka mkaguzi aseme kwa kalamu kwamba kazi imefanyika, na Nyange alikuwa amekataa kusema hivyo kwa miezi mitatu. Kila mtu ofisini kwake alilijua hilo. Halafu akasaini siku ile ile aliyokufa.

Kitu kingine kilimsumbua zaidi, nacho hakikuwa kwenye jalada. Tangu aingie Kwakombo hakuna aliyemsalimu. Katika kisiwa ambacho hata mtoto mchanga akiweza kusema atakuuliza umeamkaje, wanawake wawili waliokuwa wakichambua karafuu barazani walimwona, wakainuka na kuingia ndani. Mlango mmoja ulifungwa kwa komeo. Mwatum alikuwa polisi kwa miaka kumi na sita, na aliogopa. Alijiambia kwamba ni njaa.

Akapiga magoti.

Upande wa kulia wa barabara ulikuwa umeliwa na maji ya mvua mpaka katikati, mfereji mtupu ambao hata mkokoteni usingepita. Uliobaki ni upande wa kushoto, na juu kidogo ya shimo palikuwa na kipande cha lami nzima, safi, laini, hatua ishirini hivi. Hicho kilikuwa kipande kizuri kuliko vyote alivyoviona tangu aiache barabara kuu. Lakini alama za tairi zilizokuwa kwenye udongo zilikikwepa. Lori lenye tairi mbili mbili nyuma lilikuja kutoka juu, likaiacha lami hiyo nzuri, likateremka pembeni kwenye tope, likaenda hatua kumi na mbili kwa kuhesabu, kisha likapanda tena lami na kufika shimoni. Ukingoni mwa shimo, ndani ya alama ya tairi, palikuwa na kipande chekundu cha plastiki cha ukubwa wa ukucha, kimekandamizwa, tope limekaukia juu yake. Alikitoa kwa kalamu. Kilikuwa kipande cha taa ya nyuma ya honda.

Shubiri moja kutoka hapo palikuwa na tundu dogo la mviringo, limezama sana. Alitia kidole. Stendi. Honda ilikuwa imesimama, imeegeshwa, na mtu anayekwenda mbio hashushi stendi.

Kwa hiyo Nyange alisimama hapa mwenyewe. Pengine alitaka kulipiga picha shimo aliloambiwa limezibwa. Hilo lilimwingia akilini vizuri, akaliandika, na baadaye alijuta kuliandika mapema.

Saa ilikuwa kitu kingine. Kwakombo ilinyesha Jumatatu asubuhi tu, kuanzia saa tatu mpaka saa nne. Tangu hapo hata tone. Aliwauliza watu watatu huko juu barabara kuu, wote wakamjibu sawasawa. Alama hizi ziliingia kwenye tope laini, zikakauka. Basi lori lilipita Jumatatu, baada ya mvua. Lakini mchana au usiku? Na kwa nini liikimbie lami nzuri?

Ndipo alipoiona nyumba iliyokuwa juu ya ukingo wa barabara, na uwanja mdogo mbele yake, na karafuu zilizoanikwa uwanjani kwa kubanana, nusu yake kwenye kivuli. Mwanamke wa makamo alikuwa amesimama mlangoni akimtazama. Huyu hakuingia ndani.

"Assalamu alaykum, Bi. Shikamoo."

"Waalaykumu salaam. Marahaba." Sauti ilikuwa ndogo. "Wanijua?"

"Nimeambiwa huko barabara kuu kwamba unaitwa Bi Mwanapili. Mimi Mwatum, wa polisi Chake."

"Nguo zako zasema."

"Karafuu zako zina kivuli, Bi."

Bi Mwanapili alizitazama kama ndiyo kwanza azione. "Zitakauka tu."

"Pale chini pana lami nzuri, na jua linaipiga tangu asubuhi. Kwa nini usianike pale?"

"Leo yataka kunyesha nvua."

Mwatum aliangalia juu. Mbingu ilikuwa kavu. "Jumatatu ulianika wapi?"

Bi Mwanapili aliinama, akaanza kuokota vikonyo kwenye karafuu.

"Bi Mwanapili. Mimi mwenyewe mama yangu alinisomesha kwa karafuu. Ukiwa na lami mlangoni huziweki uani. Jumatatu ulianika wapi?"

"Pale," alisema. "Nvua ilipokatika. Hata alasiri sikuanua mwenyewe, nilikuwa..." Akajiziba mdomo kwa upindo wa kanga.

"Nani alianua?"

"N'ache, mwanangu. Nakuomba n'ache. Mimi sijui kitu. Mimi ni ntu wa karafuu zangu na swala zangu."

Kwenye ua yalikuwa yametundikwa majamvi manne. Matatu yalikuwa makuukuu, yamekolea weusi wa mafuta ya karafuu. La nne lilikuwa jipya, miyaa iliyolisuka bado kijani. Mwatum aliyatazama kwa muda, kisha akafungua jalada kwenye karatasi ya hospitali ambayo hakuna aliyeishughulikia. Punje za karafuu kwenye nywele za marehemu na ndani ya shati. Aliyeipokea karatasi hiyo alicheka tu, kwa sababu msimu huu ni nani Pemba asiyekuwa na karafuu mwilini?

Lakini mtu aliyeanguka saa tano ya usiku hakuti karafuu barabarani. Huwa zimeanuliwa kitambo.

Hapo ndipo Inspekta Mwatum alipofanya kosa. Angeweza kupima kwa kamba na kuandika. Badala yake akayachukua majamvi yale ya Bi Mwanapili begani, mawili mawili, akayateremsha barabarani na kuyatandika moja baada ya jingine juu ya lami nzuri, kama yanavyotandikwa siku zote. Alitaka kuona kwa macho yake. Urefu wa majamvi manne ulikuwa hatua kumi na mbili, na alama za lori ziliyazunguka bila kugusa hata upindo.

Alielewa yote kwa mara moja. Dereva huyu alikuja kuua mtu, na bado hakukanyaga karafuu. Mpemba hakanyagi karafuu. Anakwepa bila kufikiri, kama anavyovua viatu mlangoni. Basi majamvi yalikuwapo na jua lilikuwapo. Nyange aliuawa mchana, akaviringishwa kwenye jamvi moja na karafuu zake, akapakiwa yeye na honda yake, na usiku akarudishwa kutupwa kwenye shimo lililokwisha sainiwa.

"Anua!" Bi Mwanapili alikuwa akiteremka ukingo mbiombio, kanga imemdondoka kichwani. "Anua haraka! Kabla hawajapita!"

"Kina nani?"

"Hupita kila siku kabla ya adhuhuri. Hunisalimu. Wallahi hanitishi, hunisalimu tu! Tangu Jumanne, kila siku, husimamisha lori, 'Bi Mwanapili, u mzima?' Na hilo jamvi kaniletea yeye. Kasema lile jingine limechakaa." Alikuwa akilivuta jamvi, mawe aliyoliwekea Mwatum pembeni yakibingirika. "Binti yangu Samiha yumo mle lorini. Anawashikia bendera ya kusimamishia magari. Tangu siku ile humkalisha mbele, karibu yake. Asubuhi wamchukua, jioni wamrudisha. Nikisema, jioni hawamrudishi."

"Yeye nani, Bi? Jina."

"Ngwali. Msimamizi wa mkandarasi wa barabara."

Honi ililia juu ya kilima, mara mbili, fupi, za adabu.

Hakukuwa na wakati wa kuanua. Mwatum alilivuta jamvi moja, likamshinda, akaliacha. Alikuwa na pingu, daftari na kalamu, na simu isiyoita popote. Lori la rangi ya machungwa lilitokea kwenye kona, vibarua watano wameketi nyuma juu ya kifusi, likashuka polepole. Lilipoyafikia majamvi liliiacha lami, likateremka pembeni, na tairi zake zikaingia ndani ya zile alama za Jumatatu kama mguu kwenye kiatu chake. Likasimama hapo, mashine ikinguruma.

Ngwali, aliyekuwa kwenye usukani, alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, kofia safi iliyoshonwa kwa mkono, ndevu zimechanwa. Alitabasamu.

"Bi Mwanapili. U mzima leo?"

"Mzima, Ngwali."

"Umerudi barabarani." Macho yake yalipita juu ya majamvi, moja, mbili, tatu, nne. "Na lile jipya pia umelitoa. Vizuri." Kisha akamgeukia Mwatum. "Afande. Karibu Kwakombo. Barabara mbovu, utusamehe."

"Nasikia mmeitengeneza."

"Tunajaribu. Shimo likizibwa leo, kesho linafumuka. Mvua za siku hizi." Tabasamu lilibaki palepale. "Marehemu Nyange, Mungu amrehemu, alikuwa akilijua hilo."

Kando yake, kwenye kiti cha kushoto, alikaa msichana wa miaka ishirini aliyevaa kizibao cha njano, kijiti cha bendera nyekundu katikati ya magoti. Hakumtazama mama yake. Hakumtazama mtu.

"Bi Mwanapili, Samiha leo usimngoje," Ngwali alisema. "Tuna kazi Mkoani, na pengine jioni tukavuka Unguja. Siku mbili tatu. Si ndiyo, Samiha?"

Samiha alitikisa kichwa kukubali.

Bi Mwanapili alikwenda akasimama mbele ya lori, pua ya mashine ikimpumulia joto kifuani, na miguu yake ikagoma kumtoa hapo. Mwatum alijua kwamba lori likiondoka, msichana huyu hatarudi, na yeye ndiye atakayekuwa amemuua kwa majamvi manne. Alijilazimisha kutembea polepole mpaka mlango wa dereva.

"Leseni, Ngwali. Na kadi ya gari."

"Leo afande wa upelelezi amekuwa trafiki?"

"Springi yangu imevunjika. Nafanya kazi yoyote."

Ngwali alicheka kidogo, akainama kufungua kisanduku. Mwatum alikanyaga ngazi, akatia mkono dirishani na kuchomoa ufunguo.

Mashine ilizimika. Ngwali hakumrukia. Alijiinua taratibu, akakaa sawasawa, mikono yote juu ya usukani.

"Lori hili halina breki ya mkono, afande," alisema kwa upole. "Iliharibika mwaka jana. Limesimama kwa mguu wangu tu. Nikichoka, litakwenda." Akamwonyesha kwa kidevu Bi Mwanapili aliyekuwa mbele, na nyuma ya Bi Mwanapili mteremko, na shimo, na bonde. "Nirudishie ufunguo."

Mwatum aliutia ufunguo mfukoni. "Samiha," alisema, "shuka."

"Samiha, kaa," alisema Ngwali.

"Bi Mwanapili, ondoka hapo. Ondoka!"

Bi Mwanapili hakuondoka. Alikuwa akimtazama mwanawe kupitia kioo. Mguu wa Ngwali ulilegea kidogo, kwa makusudi, na lori likasogea mbele upana wa kiganja na kusimama tena. Mama aliguswa na chuma kifuani. Hakupiga hata ukelele.

Samiha alifungua mlango, akashuka.

"Panda," alisema Ngwali, na safari hii upole ulikuwa umeisha. "Samiha! Panda!"

Nyuma kitu kilianguka kwa kishindo. Kibarua mmoja, mzee mwenye shati lililochanika mgongoni, alikuwa ameruka kutoka juu ya kifusi. Aliinama kwenye ukingo wa barabara, akaking'oa kwa mikono mitupu kigae cha lami kikubwa kama sinia, akakisukumiza chini ya tairi ya mbele. Wa pili akaruka, akang'oa chake. Barabara ile ilikuwa ikitoka kama ganda la chungwa. Wakaweka vigae mbele ya kila tairi, kisha wote watano wakaenda kukaa ukingoni, vichwa chini, kama watu waliomaliza kuzika.

Ngwali aliuondoa mguu. Lori liliegemea, likalia, likatulia.

Mwatum alimfunga pingu mkono mmoja, upande wa pili akaufunga kwenye usukani.

"Nyange hakusaini," alisema. "Mlisaini nyinyi, mkamletea saini yake hapa shimoni."

"Alikuwa mkaidi," Ngwali alijibu, akitazama mbele. "Kisiwa kizima kinalipia mashimo, yeye anataka kuyahesabu." Kisha akageuka, na Mwatum akaona kwamba tabasamu limerudi. "Lakini umefunga nusu tu, afande. Unadhani alisimama hapa kwa sababu gani? Kuangalia mandhari? Muulize huyo, Jumatatu bendera yake ilikuwa ya kazi gani."

"Usimjibu!" Bi Mwanapili alipaza sauti kwa mara ya kwanza. Alikuwa amemkumbatia Samiha na kumficha uso kwenye kanga yake. "Usimjibu, mwanangu! Afande, yeye ni ntoto, aliambiwa tu! Mimi ndiye niliyeona. N'andike mimi. Nitasema yote, nitakwenda popote, n'andike mimi!"

Sasa Mwatum alielewa kilichokifunga kinywa cha mama huyu kwa siku tatu. Alimwogopa Ngwali, ndiyo. Lakini aliyemwogopa zaidi ni mtu yeyote mwenye daftari.

Samiha alijitoa taratibu mikononi mwa mama yake. Macho yake yalikuwa makavu.

"Nilimsimamisha mimi," alisema. "Niliinua nyekundu. Alinijua, akacheka, akashusha stendi. Akaniuliza habari za mama."

"Ulijua lori linakuja?" Mwatum aliuliza.

"Samiha," alisema mama.

"Waliniambia wanataka kuzungumza naye juu ya saini. Nimsimamishe tu, atie saini, waondoke." Aliitazama bendera iliyokuwa bado mkononi mwake kana kwamba kuna mtu mwingine aliyemshikisha. "Nilijua linakuja. Nilidhani litasimama."

Bi Mwanapili alikaa kitako palepale juu ya lami. Mwatum alifungua daftari, akaandika tarehe na saa, kisha akamuuliza Samiha jina lake kamili.